Nani anakula umeme wa nyumba ya kupanga?

(Ifuatayo ni mada iliyosomwa na mwandishi wa kujitegemea mbele ya vijana wa Kibamba, pembezoni mwa Jiji la Dar es Salaam, waliokutana kuzungumzia matatizo ya wapangaji. Tunaichapa kama alivyoisoma.)

   

Nimepewa nusu saa nizungumzie umeme wa majumbani. Nianze kwa kukiri kwamba mimi si injinia. Nimeishia kidato cha nne, Fizikia niliipata kwa mbinde, na ninaishi kwa kuandika habari ambazo zikitoka nalipwa na zisipotoka nalala njaa. Kwa hiyo atakayesimama kuniuliza habari za transfoma nitamwelekeza kwa wenyewe. Nilichokuja nacho hapa ni hesabu ya kuzidisha na kugawanya tu, na hata hiyo niliitafuta baada ya kumkosea mtu. Naomba niwasimulie kosa lenyewe kwanza, kwa sababu nina hakika wengi wenu mnaliishi.

MAMA BARAFU NA KIKAO CHETU

Nyumba niliyopanga ina vyumba saba na mita moja ya LUKU. Hapa Kibamba hilo si jambo la ajabu, ni Kiswahili chetu cha kila siku. Kila mwisho wa mwezi tulikuwa tunachanga. Vyumba sita vilitoa shilingi 8,000 kila kimoja. Chumba cha saba kilikuwa cha mama mmoja tuliyemwita Mama Barafu, kwa sababu alikuwa na friji na akiuza barafu za ubuyu na maji ya baridi kwa watoto wa shule. Yeye tulimtoza 20,000. Hoja yetu ilikuwa nyepesi: sisi hatuna friji, yeye analo, na friji linakula umeme. Nani asiyejua?

Jumla ilikuwa 68,000. Lakini kila mwezi, ikifika tarehe 28, giza. Mara moja kikao. Na kikao kikikaa, macho yote kwa Mama Barafu. Mmoja anasema friji lile ni la mtumba, mwingine anasema eti usiku analisikia linanguruma. Msemaji mkuu wa vikao hivyo, aliyepaza sauti kuliko wote, alikuwa huyu mnayemwona amesimama mbele yenu. Mimi ndiye niliyetoa hoja kwamba mama alipe 25,000 au alizime friji usiku.

Mama hakubishana. Mwezi uliofuata alihama. Sisi tukapongezana, tukasema sasa umeme utatulia. Tukachanga zetu 48,000 kwa vyumba sita, tukanunua, tukakaa kwa raha mustarehe.

Giza lilikuja tarehe 24.

Ndugu zangu, nawauliza. Mwizi akiondoka nyumbani, vitu vinazidi kupotea? Kama friji la yule mama ndilo lililokuwa linatumaliza, kwa nini alipoondoka nalo tulipungukiwa zaidi? Swali hilo lilininyima usingizi. Ndipo nilipoanza kusoma vibati.

WATI NI BOMBA, UNITI NI NDOO

Kila kifaa cha umeme kina kibati au karatasi, nyuma au chini yake, chenye herufi W. Hizo ndizo wati, jina linalotokana na Mskoti James Watt, yule mtaalamu wa injini za mvuke. Wati elfu moja ni kilowati moja. Mpaka hapo wengi tunajua. Tunapopotea ni hapa: tunadhani wati ndiyo umeme tunaonunua. Sivyo.

Sisi wa Kibamba tunajua kununua maji, basi tuseme habari za maji. Wati ni ukubwa wa bomba, yaani maji yanatoka kwa kasi gani. Uniti ni ndoo ulizojaza. Bomba nene likifunguliwa dakika moja linaweza kujaza ndoo moja tu. Bomba jembamba likiachwa wazi usiku kucha linajaza pipa. Muuza maji hakutozi kwa unene wa bomba, anakutoza kwa ndoo. Na TANESCO ni vivyo hivyo.

Uniti moja ni kilowati moja iliyotumika kwa saa moja. Basi. Chukua wati za kifaa, zidisha kwa saa kilizowaka, gawanya kwa elfu moja, umepata uniti. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa moja bila kupumzika ni uniti moja. Balbu ya wati 9, hizi za kisasa, itakuchukua zaidi ya saa 110 kumaliza uniti hiyohiyo. Ile balbu ya zamani ya wati 60, yenye kiuzi kinachowaka, itaimaliza kabla ya saa 17 kwisha.

Na kama kibati hakikuandika wati, kimeandika ampea na volti, zidisha hizo mbili. Umeme wetu wa majumbani ni wa volti 230. Kifaa cha ampea 2 ni wati 460. Plagi zetu hizi za miguu mitatu zimetengenezwa kubeba ampea 13, yaani wati 2,990. Kwa hiyo kijana anayechomeka birika la wati 2,000, pasi ya 1,000 na jiko la 1,000 kwenye ekstensheni moja ya bei poa, huyo hachemshi chai, anajichimbia kaburi. Hilo nimelipitia haraka, lakini mlishike.

SHILINGI NGAPI?

Kwa viwango vilivyopangwa na EWURA mwaka 2016, uniti moja kwa mteja wa kawaida, kundi linaloitwa T1, ni shilingi 292. Ongeza kodi ya VAT asilimia 18, tozo ya REA asilimia 3 na ya EWURA asilimia 1, unafika shilingi 356. Ndiyo maana watu walizoea kwamba ukinunua wa shilingi 10,000 unapata uniti 28. Lakini msiniamini mimi. Chukueni risiti zenu wenyewe, gaweni fedha kwa uniti, mtaona bei mnayolipa ninyi leo. Mimi hapa nitatumia 356.

Sasa tuingie chumbani kwa kijana wa mjini.

Tuanze na sabufa, maana najua ndipo roho zenu zilipo. Boksi lake linaandikwa kwa herufi kubwa: wati 10,000 PMPO! Mwenye nyumba akiliona anataka kukufukuza. Ndugu zangu, hiyo PMPO ni maneno ya sokoni, danganya toto. Umeme wa wati 10,000 ungeizidi ile plagi ya ampea 13 mara tatu. Geuza sabufa, soma kibati cha nyuma, utakuta wati 40, 50 au 60. Ipige saa tano kila siku, ni robo uniti. Shilingi 90. Jirani ana haki ya kukulalamikia kwa kelele. Kwa umeme hana. (Makofi.)

Televisheni bapa ya inchi 32 ni wati 50 hivi. Ile ya zamani ya chogo inaweza kufika 80 au 100. Mechi ya Simba na Yanga, pamoja na mapumziko na ubishi wa mwishoni, tuseme saa mbili. Wati 50 kwa saa mbili ni sehemu moja ya kumi ya uniti, shilingi 36. Pasi ya wati 1,000 inamaliza hiyo hiyo kwa dakika sita za kuwaka. Watani wa jadi dakika tisini, pamoja na penalti, ni sawa na kunyoosha shati moja na suruali.

Simu? Betri ya simu kubwa ya siku hizi, ya 5,000, ukihesabu na kinachopotea kwenye chaja, unaweza kuijaza mara 40 hivi kwa uniti moja. Kuna nyumba nazijua watu wamenuniana kwa sababu ya chaja. Ugomvi wa shilingi tisa.

Feni ni wati 60 hivi, si mbaya. Lakini analala nayo mtu saa nane, hiyo ni karibu nusu uniti kila usiku. Kwa mwezi ni uniti 14.

Halafu kuna ukoo mwingine kabisa, ukoo wa vitu vinavyotengeneza joto. Hapa ndipo kwenye kizungumkuti. Pasi wati 1,000. Jiko la koili la sahani moja wati 1,000 au zaidi. Birika 1,500 mpaka 2,200. Ile hita ya kutumbukiza kwenye ndoo, 1,500. Hita ya bafuni ya kuoga papo kwa papo inapita 4,000. Saluni zenye draya wanalijua hili. Kutoa mwanga, sauti na picha ni kazi ndogo. Kutengeneza joto ndiyo kazi. Shikeni kanuni moja, na mkisahau yote mkaikumbuka hii inatosha: kifaa kinachochoma ndicho kinachokula, na kinakula kwa dakika.

NA FRIJI JE?

Friji lina tabia yake. Kibati cha friji dogo utakuta wati 100, 120 au 150. Lingefanya kazi saa 24 bila kupumzika, la wati 120 lingemaliza karibu uniti tatu kwa siku. Lakini halifanyi hivyo. Likishapoa kompresa inazima, joto likiingia inawaka tena. Ndiyo ule mngurumo unaokuja na kukatika, ule tuliokuwa tunautumia kama ushahidi kikaoni. Friji zima likifanya kazi jumla ya saa nane kati ya 24, ni uniti moja kwa siku. Kwa mwezi 30.

Likiwa bovu mambo hubadilika. Mpira wa mlango ukichakaa, baridi inavuja na kompresa haipati mapumziko. Jaribu hivi: fungia kipande cha karatasi mlangoni, kisha kivute. Kikitoka bila kushikwa, mpira umekwisha. Usibandike friji ukutani wala usiliweke karibu na jiko, kwa sababu joto linalotoa mgongoni linahitaji pa kwenda. Na umeme ukishuka sana nguvu, kompresa huhangaika na inaweza kuungua.

MWIZI ALIPOPATIKANA

Sasa nirudi kwenye nyumba yetu. Nilitaka ushahidi, si kubahatisha. Mita ina kitaa kidogo kinachopepesa. Pembeni yake kuna maandishi madogo, imp/kWh, yenye namba kama 1000 au 1600. Maana yake kitaa kikipepesa mara hizo, uniti moja imekwenda. Siku moja wenzangu walipokuwa kazini niliwaomba funguo, tukazima kila kitu, kitaa kikatulia kimya. Nikawasha jiko langu la koili peke yake. Nikahesabu kwa saa ya simu: mara 17 kwa dakika moja. Mita yetu ni ya 1000. Mara 17 kwa dakika ni 1,020 kwa saa. Kilowati moja na ushee. Jiko langu!

Maana mimi, ndugu zangu, nilishaachana na mkaa. Kila jioni napika ugali na mboga, saa moja na nusu. Nikachukua kalamu:

Jiko, uniti moja na nusu kwa siku, kwa mwezi 45. Pasi, nusu saa kila usiku, maana mwandishi hawezi kwenda kuhoji watu amekunjamana. Ukitoa muda inapojizima yenyewe, uniti 9. Feni 14. Sabufa saba na nusu. Balbu moja na nusu. Jumla uniti 77, nikazikadiria 78.

Nilikuwa nachanga 8,000. Uniti 78 kwa 356 ni shilingi 27,768.

Nikaondoka kwenda Kiluvya alikohamia Mama Barafu. Nilimkuta na meza yake ileile na ndoo ileile ya barafu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kama vile hapakuwa na neno. Huko kila chumba kina mita yake ndogo. Nikamwomba anionyeshe. Kwa mwezi alikuwa ametumia uniti 39: friji, televisheni na taa. Nusu ya zangu. Kwa bei ya nyumba yetu ni shilingi 13,884. Sisi tulikuwa tunamtoza 20,000 na tulitaka aongeze.

Mnaona hesabu ilivyokaa? Vyumba vile vingine vitano, vyenye balbu, simu, feni na redio, vilikuwa vinatumia wastani wa uniti 18 kila kimoja, yaani shilingi 6,400. Wao walilipa 8,000. Kila mtu nyumba nzima alikuwa analipa zaidi ya alichotumia, isipokuwa mtu mmoja. Mama Barafu alikuwa ananilipia ugali wangu. Alipoondoka, aliondoka na mchango wake wa ziada, ndiyo maana giza likasogea kutoka tarehe 28 mpaka 24.

Nilimwambia yote, nikamwomba radhi. Akasema: "Mwanangu, nilikuwa najua si friji. Lakini kikao kizima kiko upande mmoja, mimi peke yangu, ningewajibu kwa kitu gani?"

Hilo neno ndilo lililonileta hapa. Yule mama alikuwa na ukweli, hakuwa na hesabu. Sisi hatukuwa na hesabu wala ukweli, lakini tulikuwa wengi. Na penye wengi wasiojua, anayeumia ni mnyonge.

MITA INAHESABU UKUTA, HAIHESABU WATU

LUKU maana yake ni Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo. Ni jina zuri. Lakini ndani ya nyumba zetu za kupanga hatulipi kadiri tutumiavyo. Tunalipa kadiri tunavyogombana. (Makofi.)

Na kuna dhuluma nyingine kubwa zaidi ya ile ya kikao chetu, ambayo haizungumzwi. Katika viwango vile vya 2016 kuna kundi linaitwa D1. Limewekwa kwa ajili ya mlalahoi, mteja wa nyumbani ambaye kwa wastani hazidishi uniti 75 kwa mwezi. Yeye bei yake ni shilingi 100 kwa uniti, na pamoja na kodi na tozo ni 122. Uniti 75 kwa shilingi 9,150. Ni jambo jema, na aliyelibuni apewe heko.

Lakini angalieni linamwangukia nani. Kijana wa chumba kimoja anayetumia uniti 18 kwa mwezi, kama angekuwa na mita yake, angelipa shilingi 2,196. Hata Mama Barafu na friji lake, kwa uniti 39, angelipa 4,758. Lakini hawana mita zao. Wamekusanywa saba nyuma ya mita moja, jumla uniti 207, na mita hiyo inaonekana kama tajiri mmoja mwenye matumizi makubwa. Wanatupwa T1. Yule wa uniti 18 analipa 6,400. Wakati huohuo mtu mwenye nyumba yake peke yake, geti na bustani, akitumia uniti 70 analipa 8,540 kwa bei ya mlalahoi.

Hivi kweli ndivyo ilivyokusudiwa? Maskini saba wakipangwa chumba kwa chumba wanageuka tajiri mmoja? Nafuu imewekwa kwa ajili ya watu, lakini inahesabiwa kwa mita. Mpangaji wa Kibamba, wa Mbagala, wa Tandale, anaisikia redioni tu.

Mtasema basi kila mmoja avute umeme wake. Kwa mpango wa Januari 2022, kuunganishiwa umeme mjini, kwa nyumba isiyo mbali na nguzo na njia moja, ilikuwa shilingi 320,960. Nani atatoa fedha hizo kwenye chumba ambacho mwenye nyumba anaweza kumtoa kesho kutwa? Na mwenye nyumba atatoa za nini wakati hela ya umeme haitoki mfukoni kwake?

Tena kuna kodi ya jengo. Tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye LUKU. Nyumba ya kawaida ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi, na mwaka 2023 ikapandishwa kuwa 1,500. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo, si ya mpangaji. Kama inatoka kwenye mchango wenu, ikatwe kwenye pango. Si fedha nyingi, lakini haki haina udogo.

UMEME UPO, JE, UNATUFIKIA?

Mtu atanishinda kwa hoja: siku hizi tuna bwawa. Ni kweli. Wazee hapa wanakumbuka mgao wa miaka ya 1990, Mtera ikikauka na nchi inalala saa moja usiku. Leo tuna Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, mashine tisa za megawati 235 kila moja, jumla megawati 2,115. Mashine ya kwanza ilianza kuzalisha mwaka 2024.

Lakini kwa kuwa sasa mnajua wati, pimeni wenyewe. Megawati 2,115 ni kilowati 2,115,000. Ni pasi milioni mbili na ushee zikiwaka kwa pamoja. Sensa ya 2022 iliwahesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Hawafiki watu wawili katika kila watano wa mkoa huu, kila mmoja akiwasha pasi yake dakika hiyohiyo, bwawa lote limekwisha, hajabaki mtu wa Mwanza wala Mbeya. Kwa hiyo kutumia kwa akili hakujapitwa na wakati kwa sababu ya bwawa.

Simwambii mtu arudi kwenye mkaa. Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia mwaka 2024, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Mimi mwenyewe nimejifunza kwamba wati nyingi si dhambi, dhambi ni dakika nyingi. Jiko la koili lililo wazi nusu ya joto linapotelea hewani. Sufuria la umeme la presha, nalo la wati 1,000, limefungwa, mvuke hautoki, na likishapata moto linajizima na kujiwasha lenyewe. Maharage yanayokula saa mbili kwenye koili ni uniti mbili. Kwenye presha, likiwaka jumla ya dakika 25, ni sehemu nne za kumi za uniti. Wati zilezile, bili mbili tofauti kabisa. Mwenye uwezo adundulize, anunue hilo. Asiye nao, aloweke maharage usiku kucha na afunike sufuria.

TUFANYE NINI?

Kwanza, leo usiku kila mmoja akageuze vifaa vyake asome vibati. Andika wati, andika saa, zidisha. Anza na chako kabla ya cha jirani. Mimi ningeanza na changu, Mama Barafu angekuwa bado ananiuzia barafu.

Pili, nyumba yenye mita moja iandike makubaliano na kuyabandika ukutani: mchango unafuata hesabu ya wati na saa. Mkiweza, changeni mnunue mita ndogo kwa kila chumba, zifungwe na fundi mwenye leseni. Kwetu tumefunga. Mwezi wa kwanza nililipa 26,000 na midomo ilinifumba yenyewe. (Kicheko.)

Tatu, mita ndogo inamaliza ugomvi wa ndani, haitushushi kwenye D1. Hilo ni la kudai. Kila TANESCO inapoomba kubadili bei, EWURA huita wadau kutoa maoni. Vikao hivyo wanakwenda wenye viwanda na wenye mahoteli. Mpangaji haonekani. Twendeni. Lipo pia baraza la kuwatetea watumiaji, EWURA CCC. Tuwaulize swali moja tu, na tukiwa na karatasi zetu mkononi: kwa nini nafuu ya mlalahoi inahesabiwa kwa mita wakati walalahoi saba wanaishi kwenye mita moja? Waje wahesabu vyumba. Hawatatujibu kwa kelele kama sisi tulivyomjibu yule mama, maana safari hii mnyonge atakuwa amekuja na hesabu.

Nimemaliza. Mwenye swali la kuzidisha aulize. Mwenye la transfoma, nimeshasema.  (Makofi.)